Siku Waliyompima Ambaro

Ukiingia Mbotela kutoka upande wa Jogoo Road ukauliza kijana wa drafti, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Anaitwa Ambaro, mtoto wa binti yangu Mideva. Mimi Khavere ni guku wake, yaani nyanya, na hii nyumba ya kanjo la jiji tunayokaa ni yangu tangu bwanangu alipokuwa akifanya kazi ya reli. Nauza mboga hapo mlangoni, mrenda, kunde na saga. Mideva hufunga sabuni kiwandani, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Kwa hivyo mtoto huyu nimekaa naye mimi, na habari zake nazijua kwa macho, si kwa kuambiwa.

Alichelewa kutembea. Alipotembea, alikanyaga kwa vidole tu, kama mtu anayevuka tope na viatu vipya. Akianguka, alikuwa akijipanda mwenyewe ili ainuke: anashika sakafu, anashika magoti, anashika mapaja, mpaka asimame. Watoto wa ploti walicheka. Mwalimu wake akasema ni uvivu. Mimi siku ya kwanza nilipomwona akijipanda hivyo niliweka karai la mboga chini nikakaa, maana nilikuwa nimeshamwona mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Kisia, mwanangu, kaka yake Mideva. Alikulia nyumbani Maragoli, akaacha kutembea, mgongo ukampinda, kifua kikajikunja upande mmoja mpaka hewa ikakosa pa kukaa. Alipozidiwa, baba zake wadogo walidhani hatafika kesho, wakamwita fundi wa majeneza. Fundi akaingia na utete mrefu, akaulaza juu ya mtoto kutoka kichwani hadi unyayoni, akaukata kwa kisu hapo hapo kitandani. Kisia alikuwa macho. Aliniangalia. Pumzi ya kusema neno hakuwa nayo. Wiki hiyo hakuimaliza.

Kwetu mtu aliye hai hapimwi amelala. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Ule utete niliutafuta nikautia motoni, lakini nilikuwa nimechelewa.

Madaktari wa hapa Nairobi ndio walioupa ugonjwa jina. Walisema ni wa misuli, kwamba misuli inayeyuka polepole kama mafuta ya Kimbo yaliyowekwa karibu na jiko, na kwamba mama huubeba bila kujua akawapa watoto wa kiume. Mideva alilia njia nzima. Nikamwambia, "Kama mama ndiye anayebeba, basi ulitoka kwangu, na mimi silii. Kausha macho, kuna mtu wa kulishwa nyumbani."

Ambaro alipoacha kutembea, kanisa letu la Friends lilimtafutia kiti cha magurudumu. Nikakiweka mlangoni kando ya mboga zangu, na mbele yake kreti ya soda iliyopinduliwa, na juu ya kreti ubao wa drafti. Kete zake ni vifuniko vya chupa. Alijifunza kwa kuangalia wazee, na muda si mrefu wazee wakawa wanajifunza kwake. Mpinzani wake mkubwa ni Dedan, anayeshona viatu kwenye kona yetu, mtu wa Nyeri, mwenye maneno mengi kuliko viatu.

"Mzee Dedan, hiyo kete ukiisogeza nakula tatu."

"Kula, kwani jana ulilala njaa?"

"Nimeshakula. Hizi ni za kuteremshia chai."

Hivyo ndivyo walivyoshinda. Lakini nilikuwa naona. Mgongo ulikuwa umeanza kupinda, na ulipoanza ulikwenda mbio. Alilalia upande wa kushoto mpaka ubavu ukakalia nyonga. Ili asianguke kutoka kitini ilibidi aegemee kiwiko cha kushoto kutwa nzima, kwa hivyo mkono huo haukuwa na kazi nyingine ila kumshikilia. Alicheza kwa mmoja. Alikula kwa huo huo mmoja, akiinamisha kichwa hadi kukutana na kijiko. Kisha akaanza kukata maneno katikati, kama mtu aliyepanda kilima. Anasema "Guku, nipe," anavuta hewa, "maji." Nikawa nachambua mboga huku sikio moja liko kwake. Niliujua ule mlio. Niliuacha Maragoli, na sasa ulikuwa umenifuata mpaka mlangoni kwangu.

Mideva akampeleka hospitali kubwa, nami nikaenda, ingawa alisema si lazima.

Daktari wa mifupa, Wahome, alituonyesha picha. Uti wa mgongo wa mjukuu wangu ulikuwa kama jongoo aliyeguswa. Akasema anaweza kuunyoosha kwa vyuma viwili, avikaze na waya kutoka juu hadi kiunoni. Alisema kama mtu anayezungumzia kutengeneza paa, nami nikampenda kidogo kwa sababu hiyo. Lakini kando yake alikaa daktari mwingine, mwanamke mfupi mwenye miwani, anaitwa Warigia. Huyo ndiye wa usingizi, na yeye hakutabasamu.

"Shosho, sitakudanganya," akasema, akiniita nyanya kwa lugha ya kwao. "Mapafu yake yanashika kama robo tu ya hewa anayotakiwa kushika. Tukimlaza, tutamwekea mpira kooni na mashine itapumua badala yake. Kumlaza naweza. Wasiwasi wangu ni siku ya kumtoa kwenye mashine. Wengine wenye mapafu kama haya huwa hawatoki."

"Na usipomlaza?"

"Mgongo utaendelea kukunja kifua."

"Sasa umeniletea njia mbili na zote zina kaburi."

Mideva akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Mimi niko hapa," Ambaro akasema. "Mnaongea," akavuta hewa, "kama niko Kisumu."

Daktari Warigia akageuza kiti chake chote akamtazama. "Haya, wewe unataka nini?"

"Nataka mkono wangu wa kushoto." Akavuta hewa tena. "Umekuwa askari wa kulinda," akapumzika, "kiti. Nataka uje tucheze drafti."

Warigia aliandika kitu, akasema hatamgusa mpaka mapafu yapimwe sawasawa. Kipimo kikija chini ya kiwango chake, hapana. Kikifika, atafikiria. Tukapelekwa chumba cha kijana aitwaye Kiilu, fundi wa mambo ya kupumua, mrefu kama mlingoti wa bendera, mpole. Akamtoa Ambaro kitini akamlaza kitandani chali. Nikadhani anampumzisha. Akamtandaza mikono kushoto na kulia kama Yesu msalabani, kisha akatoa futi, ile ya mafundi wa nguo, akaanza kuinyoosha juu ya mtoto.

Sikumbuki nilivyofika. Najua tu kwamba ile futi ilikuwa mkononi mwangu, na Kiilu alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Shosho, ni kipimo tu."

"Najua ni kipimo. Kipimo ndicho ninachokataa."

"Mashine ya kupima pumzi inataka kujua urefu wake ndipo ijue mapafu yangekuwa makubwa kiasi gani. Mgongo umepinda, urefu hauonekani. Ndiyo maana tunapima mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Na akiketi bila kuegemea mkono ataanguka, ndiyo maana nimemlaza."

"Basi mashine ikisie."

"Mama, tafadhali," Mideva akasema. Aibu ilikuwa imemjaa usoni.

"Mama yako hayuko hapa. Aliyeko ni mama wa Kisia. Mrudishe mtoto kitini, twende."

Mideva hakubisha, kwa sababu siku ile ya utete yeye alikuwa msichana mkubwa na alisimama mlangoni akaona. Akaanza kumwinua. Nilikuwa nimeshaitia futi ndani ya nguo yangu kifuani, na Kiilu hakujua aiombe vipi.

Ambaro akasema, akiwa bado amelala, "Guku. Nikirudi nyumbani," akavuta hewa, "nitakufa bila kupimwa. Hiyo ndiyo," akavuta tena, "nzuri?"

Nilikaa kwenye kile kiti chake cha magurudumu. Hakuna kingine kilichokuwa karibu. Daktari Warigia alikuwa ameitwa, alikuwa amesimama mlangoni, na Mideva alikuwa akimweleza kwa sauti ya chini kuhusu Kisia na fundi na utete. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akasema kwao Kirinyaga bibi yake pia hakuruhusu mtu kulala na miguu kuelekea mlangoni.

Hapo nikapata la kusema, nikaitoa ile futi. Nikasema, "Apimwe. Lakini hapimwi peke yake. Kama hii kamba inatafuta mtu, itafute kati ya wengi. Kila aliye ndani ya chumba hiki alale hapa kitandani apimwe. Kuanzia wewe daktari."

Kiilu akafungua mdomo. Warigia akamwambia, "Usiseme kitu." Akavua viatu akavipanga chini ya kitanda, Ambaro akasogezwa ukutani, naye akapanda akalala chali na koti lake jeupe, akatandaza mikono. Kiilu akampima. Alikuwa mfupi kweli.

"Daktari," Ambaro akasema, "wewe ni size ya jeneza la," akavuta hewa, "mtoto."

"Ambaro!" Mideva akapiga kelele.

"Mwache," Warigia akasema, bado amelala. "Mume wangu ameshasema mabaya zaidi."

Akafuata Mideva. Kisha nikapanda mimi. Nawaambia, kitanda kile kilikuwa baridi, na ile futi iliponigusa kwenye kucha ya kidole nilijua alichokijua Kisia. Niliangalia taa ya juu, nikajizuia nisifumbe macho. Mwisho nikampima Kiilu mimi mwenyewe, miguu yake imening'inia nje ya kitanda, naye akiikodolea macho futi. Kijana yule wa Ukambani alikuwa ameanza kuogopa kama sisi.

Ndipo Ambaro akapimwa, akapuliza ndani ya mpira wa ile mashine ya pumzi kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka. Tukamtazama Warigia akiangalia namba.

"Ni kidogo kuliko ninavyotaka," akasema. "Lakini si sifuri. Mpelekeni nyumbani. Apulize kila siku, asishikwe na mafua, ale. Tutampima tena, na namba ikipanda nitawaita."

Kiilu alitupa chupa mbili zilizounganishwa kwa mipira, za kuhamisha maji kutoka moja hadi nyingine kwa kupuliza. Akanifunza pia jinsi ya kumsaidia kukohoa: akianza kukohoa, unaweka viganja chini ya mbavu na kusukuma naye kwa pamoja, maana misuli yake peke yake haiwezi kutoa makohozi. Nilijifunza. Mkono wangu umezoea kukanda ugali wa watu wengi, nguvu zipo.

Mwaka ule ndipo ilipoanza ile mvua ya El Nino. Mvua ilinyesha kama imetumwa. Mtaro wa Mbotela ukafurika, nguo hazikauki, kila nyumba ina mtu anayekohoa. Nilichukia kila pua iliyopita mlangoni. Wangeci, jirani yangu fundi wa nguo, alimshonea Ambaro fulana ya blanketi. Akaileta mwenyewe, nami nikamsimamisha kizingitini.

"Kohoa kwanza nisikie."

"Khavere, mimi si mgonjwa."

"Kohoa."

Akakohoa. Ilikuwa kavu, nikamruhusu. Dedan alipokuja na mafua nilimfukuza kwa ufagio. Lakini drafti haikukoma. Alisimama nje chini ya mwavuli uliovunjika mbavu, akapiga kelele kupitia dirishani, "Sogeza ile yangu ya kona," na Ambaro akaisogeza kwa niaba yake, kisha akaila.

"Umesogeza vibaya wewe."

"Nimesogeza," hewa, "ulivyosema."

"Naibiwa na mtoto, tena kwenye mvua."

Namba ilipopanda na wakatuita, hospitali ilitaka watu wa kutoa damu, kwa sababu Daktari Wahome alisema upasuaji huu humwaga damu nyingi. Dedan alikuja na wazee wake watatu wa drafti, mafua yameisha, wamevaa makoti ya kanisani. Nilishangaa. Niliwapikia chai yenye maziwa mengi.

Asubuhi ile ya kupasuliwa, Warigia alikuja kando ya kitanda. Akamweleza Ambaro kwamba kuna dawa za usingizi asizoweza kumpa kwa sababu ni sumu kwa misuli ya namna yake, kwa hivyo atatumia nyingine, na kwamba akiamka atakuta mpira mdomoni na hataweza kuongea. "Usipigane nao. Nifinye mkono ukinisikia."

"Nikikosa kuamka?"

"Basi nitakuwa nimeshindwa kazi yangu, na sipendi kushindwa."

"Kama Dedan," Ambaro akasema. Wakamsukuma wakaenda naye.

Tulikaa kwenye benchi, Mideva na mimi. Sisi watu wa Friends tumefunzwa kukaa kimya na kumngoja Mungu, lakini kimya cha siku ile hakikuwa na Mungu ndani. Kilikuwa na utete. Nilimwona fundi yule akiukata. Nikifumba macho namwona, nikifumbua naona mlango ambao haufunguki. Mideva alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto wake. Watu walipita na chai, na vikapu, na watoto wachanga, nami nilimchukia kila aliyekuwa akivuta hewa bila kufikiria.

Wahome alitoka jioni, nguo zake zimelowa jasho. Mgongo umenyooka, akasema. Damu imetoka nyingi, ile ya wazee wote wanne imeingia. Moyo uko sawa. Sasa ni mashine.

Katika chumba cha mahututi sikumtambua. Alikuwa amelala moja kwa moja. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa amenyooka tangu awe mkubwa. Alikuwa mrefu. Kifua kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka, sawasawa kama saa, na haikuwa pumzi yake. Niliweka mkono wangu ndani ya mkono wake. Akafinya.

Walijaribu kuipunguza mashine kesho yake. Alipumua kidogo, jasho likamjaa kwenye nyusi, macho yakawa ya Kisia, wakairudisha. Warigia akatuita kando. Akasema watajaribu tena, wakiutoa mpira kabisa, kwa sababu kadiri anavyokaa na mashine ndivyo misuli inavyosahau. Na ikishindikana, itabidi tundu la shingoni la kupitishia hewa, na huenda asirudi nyumbani bila mashine tena.

"Nyumba yetu stima inapotea kila mvua ikinyesha," nikamwambia.

"Najua, shosho. Nami nimefikiria hilo."

Sasa mnisikilize. Siku hiyo ya kuutoa mpira nilifika mapema, na la kwanza nililouliza ni watu waliopimwa. Mideva nilikuwa naye. Mimi niko. Daktari Warigia nikamwona akinawa mikono. Nikamuuliza nesi, "Kiilu yuko?" Akasema hajafika, na haikuwa kawaida yake. Moyo wangu ukatua. Sitaficha, ulitua kabisa, kama mzigo uliowekwa chini. Nikasema ndani yangu, kamba imempata mtu. Kisha nikamkumbuka amelala pale na miguu nje ya kitanda, kijana wa watu, ana mama yake Machakos, nikashikwa na woga mwingine mbaya zaidi ya ule wa kwanza, na sikujua niombe nini. Kila ombi lilikuwa na mtu ndani yake.

Akaingia mbio, suruali imelowa hadi magotini. Barabara ilikuwa imejaa maji, alitembea. "Pole, shosho, nimechelewa."

Nikampiga begani kwa ngumi. Hakujua kwa nini.

Wakautoa mpira. Ambaro akakohoa kikohozi ambacho hakikutoka. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya zambarau. Kitu kilikuwa kinakoroma ndani yake, na hakuwa na nguvu za kukileta juu. Warigia akasema, "Kiilu," na Kiilu akaweka mikono chini ya mbavu upande mmoja, akaniangalia. Nikaweka yangu upande wa pili. Kifua kilikuwa kigeni mikononi mwangu, kimenyooka, kigumu.

"Ukimwona anaanza," Kiilu akasema. "Sasa."

Tukasukuma. Hakuna. Mashine ya kuhesabu hewa ilikuwa inalia. Warigia alikuwa ameshika mpira mwingine tayari, niliuona, ameushika hivi pembeni ili nisiuone.

"Tena. Sasa."

Tukasukuma, nami nikasukuma kama ninayetoa jiwe kisimani, na makohozi yakaja, mazito, yenye damu, nesi akayavuta kwa mrija. Ambaro akaingiza hewa. Ndogo. Akaingiza nyingine. Nilitazama kile kifua nikisubiri kisimame. Hakikusimama. Warigia hakuuweka chini ule mpira wake hadi chai ya saa nne ilipopita, na mimi sikuondoa mikono yangu.

Neno la kwanza alilosema lilikuwa "Dedan." Nikainama. "Damu ya Dedan," akasema, kama karatasi inayokwaruzwa. "Nitaanza kushindwa."

Alirudi Mbotela kukiwa bado na mvua. Wazee walimpokea kwa ubao mpya wa drafti. Akakaa kitini wima kama waziri, na mkono wa kushoto ukawa wake, akauweka juu ya ubao, akasogeza nao kete ya kwanza. Mideva aliingia ndani ya nyumba akakaa huko kitambo.

Lakini daktari ananyoosha mgongo, haulizi mtu anakula vipi. Siku hiyo hiyo nikamwekea ugali na mrenda. Akachukua kijiko, akakiinua hadi pale alipozoea, na mdomo haukuwepo. Zamani alikuwa akikiinamia. Sasa vyuma vimemshika, kichwa kiko juu kule, na mkono hauna nguvu ya kufika. Alijaribu mara ya pili. Mrenda ukadondokea fulana ya Wangeci. Wazee wakaangalia pembeni, hata Dedan.

Nikachukua kijiko.

"Hapana, guku."

"Fungua mdomo."

"Silishwi mbele ya watu." Alisema sentensi nzima bila kukata, na sikuweza kuifurahia.

"Basi nitakulisha ndani."

"Hata ndani."

Ukaidi huo ameutoa kwangu, najua. Hakula siku hiyo, wala kesho yake hakula vya maana. Maziwa kwa mrija, basi. Warigia alikuwa ametuambia kwamba asipokula kifua hakitapona, na makohozi yatarudi, na hatapenda kumwona tena kwenye mashine. Vyuma vimeshika mgongo tu, alituambia, ugonjwa bado uko na utaendelea. Usiku na mchana sikio langu liko kwake. Niliisikia pumzi ikianza tena kuwa fupi, au nilidhani naisikia, na kwangu hayo mawili ni kitu kimoja.

Nikaenda kwa Wangeci. Nikamwambia aniazime futi yake.

Wangeci ananijua. Alikuwa amesikia yote ya hospitalini. Akaishika ile futi bila kuitoa. "Ya nini, Khavere?"

"Lete."

Ambaro aliniona nikiingia nayo, akaniangalia usoni, kisha akaiangalia futi.

"Guku, unataka kufanya nini?"

"Kaa wima."

"Siwezi kukaa vingine."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikapima kutoka kiwiko chake hadi ncha ya vidole. Nikapima kutoka pajani hadi mdomoni. Sikupima kingine, wala sikupita kichwani wala miguuni. Kisha nikavuta ile meza yetu ndogo, nikatoka nje kwenye mvua nikaokota matofali ya kanjo yaliyobaki walipojenga choo, nikayapangusa, nikainua nayo meza mguu mmoja baada ya mwingine. Nikamwekea kiwiko juu yake. Nikampa kijiko.

Mkono ulizunguka juu ya kiwiko kama mlango juu ya bawaba. Kijiko kikafika shavuni.

Akakirudisha. Akapumua. "Shusha kidogo," akasema. "Upande huu."

Nikatoa tofali moja, nikaweka la unene mdogo.

"Bado."

Nikaweka kipande cha mbao. Akakiinua tena, nami niko chini sakafuni na futi shingoni, nikitazama kile kijiko kikipanda.

"Hapo," akasema, akiwa na ugali mdomoni.